Marahaba ya Dakika ya Themanini na Tisa

"Tangazo! Tangazo! Tangazo! Wananchi watukufu wa Handeni, wageni wetu kutoka Korogwe, wazee wenye busara, kina mama wenye subira, vijana wenye nguvu na watoto wenye kelele! Leo saa kumi kamili alasiri ardhi itatikisika! Fainali ya Kombe la Fahali! Vumbi FC ya hapa nyumbani, na Mkonge Boys ya Korogwe! Na mwamuzi wa mchezo huu, mtu asiyetishika, asiyeyumba, asiyebabaika mbele ya simba wala mbele ya mwanadamu, ni mheshimiwa sana, Obadiaaa Hiza!"

Spika iliyotoa maneno hayo ilikuwa imefungwa kwa mipira ya tairi nyuma ya bodaboda, na ilikuwa ikizunguka mji tangu asubuhi. Ilipopita stendi kwa mara ya tatu, mtu asiyetishika alikuwa amechuchumaa ndani ya choo cha stendi, mkono mmoja umeshikilia mlango usio na komeo, akimwomba Mungu amfikishe jioni akiwa na viatu vyake vyote viwili.

Habari ya viatu si mzaha, na msomaji asiicheke upesi. Mwaka uliotangulia, mwamuzi mmoja aliyeitwa Mdoe alichezesha fainali kama hii katika uwanja huohuo. Aliingia na njumu mbili na kutoka na moja. Alikimbia hadi barabara ya lami, akadandia gari la mkaa, na tangu siku hiyo hakupuliza tena filimbi hata kwa kuku. Njumu iliyobaki, nyeusi, ya mguu wa kushoto, ilitundikwa kwenye nguzo ya lango la kuingilia uwanjani. Ilipigwa jua mwaka mzima. Watu wakipita walisema inamsubiri mwenzake.

Obadia alikuwa mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya bweni upande wa Korogwe. Kwao ni Dindira, juu kwenye chai na ukungu, ambako mtu akitoka asubuhi kwenda shamba hufika saa nne, si kwa umbali, bali kwa salamu za njiani. Alilelewa na bibi yake Yuditha, na bibi huyo alikuwa na kanuni moja kubwa kuliko zote: salamu haiachwi hewani. Salamu isiyojibiwa, alisema bibi, haipotei. Hukaa palepale ilipoachwa, ikimsubiri aliyeikataa, na siku ya siku humwangukia kichwani.

Kanuni hiyo ni nzuri kwa mjukuu. Kwa mwamuzi wa mpira ni maradhi.

Mwezi wa tano, kule Mpale, mzee mmoja aliyeegemea baiskeli yake kando ya mstari alimuuliza, "Refa, za nyumbani?" Obadia akageuka. "Nzuri mzee, shikamoo. Za hapa?" Mzee akaanza kumweleza za hapa: mahindi, nguruwe pori, mjukuu aliyejifungua mapacha. Alipofika kwa pacha wa pili, goli lilikuwa limekwisha kuingia, na hapakuwa na mtu aliyejua limeingiaje. Kamati ya waamuzi ilimwita, ikamkalisha kwenye benchi lisilo na mgongo, ikamwambia kwa ufupi: ukijibu mtazamaji mara moja tena ndani ya uwanja, filimbi utairudisha.

Nayo filimbi ile ilikuwa kila kitu. Darasani wanafunzi walimsikiliza pale walipotaka. Nyumbani wajomba zake walimkatiza. Akiwa na filimbi tu ndipo watu wazima ishirini na wawili walisimama alipowaambia simama. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kusimama kwa ajili ya Obadia Hiza.

Alipotoka chooni aliingia mgahawa wa jirani kunywa chai ya rangi ili kutuliza tumbo. Mtu mmoja aliyekuwa anakula maandazi meza ya pili akainua kichwa.

"Za Korogwe, mwamuzi?"

"Nzuri, ndugu yangu. Za hapa?"

"Salama. Na Dindira wazima?"

"Wazima kabisa, tunamshukuru Mungu."

"Bibi Yuditha hajambo?"

"Hajambo, anawasali..." Hapo kijiko kikagonga kikombe. Obadia hakuwahi kumwona mtu huyu maishani mwake. Bibi Yuditha hakuwahi kukanyaga Handeni.

Yule mtu aliweka andazi chini. Alimgeukia mwenzake aliyeketi naye, akapangusa mafuta midomoni, akasema taratibu, "Anajibu. Si nilikwambia? Anajibu."

Wakainuka, wakaondoka.

Kutoka mgahawani hadi uwanjani ni mwendo wa dakika kumi. Siku hiyo ulikuwa mrefu. Mwamuzi akipita mjini siku ya fainali hutegemea kuzomewa, na Obadia alikuwa amejiandaa kwa hilo: matusi aliyazoea, yalimpita kama mvua inavyopita juu ya bati. Lakini hakuna aliyemzomea. Fundi viatu aliacha nyundo, akamwamkia. Kina mama wauza nyanya walimpa pole ya safari. Dereva wa bodaboda alizima pikipiki kabisa, akaweka mkono kifuani. "Karibu sana, refa. Umeamkaje?" Na kila alipoitikia, aliona mtu nyuma ya mtu akitikisa kichwa kidogo, kama mwalimu anayeweka alama ya vema kwenye daftari.

Heshima ile haikuwa ya kawaida. Mji mzima ulikuwa umekubaliana jambo, ila yeye peke yake hakuambiwa.

Langoni, chini ya njumu ya Mdoe, alisimama mtu mnene mwenye kanzu nyeupe isiyo na doa hata moja, jambo la ajabu katika vumbi lile, na la ajabu zaidi kwa kuwa alikuwa mchinjaji. Aliitwa Ukasha. Ndiye aliyekuwa mkuu wa mashabiki wa Vumbi. Sauti yake ilikuwa ndogo na laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Karibu, mwamuzi. Huyu hapa juu ni Mdoe. Alikuwa mtu mzuri. Tatizo lake alijibu."

"Alijibu nini?" Obadia aliuliza.

Ukasha akatabasamu, akampisha apite. "Unaona? Hata sasa umejibu."

Chumba cha waamuzi kilikuwa stoo ya jembe na chokaa. Humo Obadia alimkuta kamisaa wa mchezo, Bi Mwanaidi, mama wa makamo aliyewahi kuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo na ambaye bado alitazama watu kana kwamba wote wako rumande. Kando yake Shamimu, mwamuzi msaidizi, alikuwa anakunjua kibendera chake.

"Shikamoo, mama," alisema Obadia.

"Marahaba. Na hiyo iwe salamu yako ya mwisho mpaka mchezo uishe." Bi Mwanaidi alimwonyesha ndoo iliyogeuzwa, Obadia akakaa. "Nimepita huko nje. Wamejua ugonjwa wako."

"Wamejuaje, mama?"

"Sijui. Mtu amewaambia. Sasa nisikilize, Hiza. Mtazamaji haongei na wewe, anaongea na hewa. Mwache aongee na hewa. Ukimgeukia tu, umempa cheo, na ukishampa mmoja cheo, elfu moja watakitaka. Usimtazame, usimcheke, usimkunjie uso. Usimwonyeshe hata kwamba umesikia."

"Na akinitukana?"

"Umesikia tusi? Hukusikia. Likizidi, au likija jiwe, simamisha mpira, mwite nahodha wa timu yao, mwambie yeye. Nahodha ndiye mlango. Isipotosha, njoo kwangu. Mimi ndiye mwenye mdomo uwanjani. Wewe mdomo wako umekaliwa na filimbi, hauna nafasi ya mpangaji mwingine."

Shamimu akacheka. Obadia hakucheka.

"Na akinisalimia mzee?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Bi Mwanaidi naye akashusha sauti. "Mwitikie moyoni. Mungu atafikisha."

Kipindi cha kwanza kilipita kimya, na kimya hicho kilikuwa kibaya. Kati ya wachezaji na watazamaji hapakuwa na uzio. Kamba ya katani ilizungushwa kwenye vijiti, na watu walisimama vidole vya miguu vikigusa chokaa ya mstari. Watu elfu mbili, na kilichosikika ni mateke ya mpira na fahali wa zawadi akipumua, kwa maana alifungwa kwenye kigingi nyuma ya goli la kusini, macho mekundu, akifuatilia mchezo kwa makini kuliko wengi. Obadia alikimbia katika ukimya huo kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa, asiyejua mbwa yuko wapi.

Mbwa alianza kubweka kipindi cha pili.

Ilikuwa kona ya Mkonge Boys. Obadia alisimama karibu na kamba, na nyuma ya sikio lake mzee mmoja akasema kwa upole, "Hujambo, mwanangu?"

Shingo ya Obadia ikaanza kugeuka yenyewe. Aliing'ata filimbi, akairudisha shingo kwa nguvu, akaitikia moyoni: sijambo babu, shikamoo, nisamehe.

Hatua kumi mbele: "Refa, za safari?" Upande wa pili: "Refa, umekula?" Kisha wakaanza kupokezana kuuzunguka uwanja mzima, si kwa kelele, bali kila mmoja kwa zamu yake, kwa adabu, kama watu waliopanga mstari msibani. "Refa, umeshindaje?" "Refa, pole na jua." "Refa, Dindira kuna baridi sasa?" Salamu zilirundikana hewani, na Obadia aliziona kabisa zikining'inia juu ya uwanja kama popo, zote zake, zote zikisubiri siku ya siku.

Dakika ya sabini sauti ya mama ikasema polepole, "Mwanangu, bibi Yuditha amelazwa. Hukuambiwa?"

Obadia akasimama. Mpira ulimpita, wachezaji wakampita. Alitaka kugeuka, amshike yule mama mabegani, amuulize, lini, wapi, amelazwa na nini. Kisha akamwona Bi Mwanaidi kwenye meza yake, ameketi wima, mkono mmoja umeziba mdomo wake mwenyewe. Obadia akapuliza filimbi. Mpira ukasimama. Hakutazama upande wa kamba. Alimwita nahodha wa Vumbi, kijana mrefu aliyeitwa Abdi.

"Nahodha. Watu wako upande ule waache kunisemesha. Nakwambia wewe, siwaambii wao. Nikisimama tena kwa jambo hili, nakwenda kwa kamisaa."

Abdi alitazama chini. "Bibi yako ni mzima, refa," alisema haraka. "Wanakutania tu." Akakimbia hadi kwenye kamba, akasema maneno makali kwa Kizigua, na watu wakajikuna vichwa.

Kumbe inawezekana! Dakika kumi na tano nzima hakuna aliyemsemesha. Salamu zilikoma. Obadia alipumua, akakimbia, akapuliza, akasimamisha watu wazima nao wakasimama. Ukasha alikuwa amekunja mikono juu ya kanzu yake nyeupe. Njumu ya Mdoe, ambayo sasa ilikuwa imeshushwa kutoka langoni, ilining'inia kwa kamba kwenye kidole chake cha shahada. Hata yeye alionekana kukata tamaa.

Sasa hapa lazima tumtaje mtazamaji mmoja aliyesimama karibu na kibendera cha kona, ambaye kwa sababu za heshima tutamwacha bila jina. Mtazamaji huyu hakuwa na ubaya na mtu. Mchezo ulikuwa umemchosha, jua lilikuwa limemchosha, na alikumbuka jambo lililomfurahisha. Hiyo ndiyo shida ya watu wa aina yake: wakikumbuka jambo la kufurahisha, mdomo hufika kabla ya akili.

Dakika ya themanini na tisa, sifuri kwa sifuri, krosi ya Vumbi ikaruka kuelekea golini. Abdi akapaa. Obadia alikuwa mahali pake hasa, hatua kumi na tano kutoka golini, macho wazi.

"Shikamoooo, mwalimu!"

Neno lilikuwa "mwalimu". Hakuitwa refa. Na sauti ile haikuwa ya uwanjani. Ilikuwa ya darasani, saa mbili asubuhi, "moo" ikivutwa na kupandishwa juu mwishoni kama mtu anayeuliza swali. Ilipita filimbi, ikapita kamati, ikapita Bi Mwanaidi na mahakama yake yote. Obadia Hiza aligeuka kwa mwili mzima, filimbi ikamtoka mdomoni.

"Marahaba! Hujambo?"

Alipogeuka tena mpira ulikuwa wavuni.

Handeni ikalipuka. Watu walirukaruka, bodaboda yenye spika ikapiga honi, fahali akavuta kigingi. Wachezaji wa Mkonge walimkimbilia Obadia wakionyesha mikono yao, wakipiga kelele, mkono, refa, mkono! Wachezaji wa Vumbi walikuwa wameshaanza kucheza ngoma, isipokuwa Abdi, aliyekuwa anapandisha soksi ambayo haikuwa imeshuka.

Obadia alisimama katikati ya kelele hizo akijua jambo moja tu: hakuona. Na aliona njia mbili, wazi kama barabara zinazogawanyika pale Segera. Akionyesha katikati ya uwanja, goli ni goli, Vumbi bingwa, atabebwa juujuu na kulala salama na filimbi yake mfukoni, kwa sababu katika kelele zile huenda hata kamisaa hakusikia marahaba. Njia ya pili ilipita kwa Shamimu, aliyekuwa amesimama kwenye mstari wake kama mlingoti, kibendera juu, na nyuma yake, karibu hata kumpumulia shingoni, watu mia tatu.

Alikwenda kwa Shamimu.

"Umeona nini?"

"Mkono. Abdi, mkono wa kulia."

"Una hakika?"

"Kaka," Shamimu alisema bila kushusha kibendera, "mimi hakuna aliyenisalimia."

Obadia akapuliza. Akaonyesha mpira wa adhabu, kuelekea upande wa Vumbi. Hakuna goli.

Kelele zilikatika kama zilizokatwa kwa panga. Kisha kamba ya katani ikalala chini, kijiti kimoja baada ya kingine, na watu wakaanza kuingia uwanjani. Hawakukimbia. Laiti wangekimbia. Walitembea, pande zote, mwendo mmoja, na mbele yao Ukasha na njumu ikiyumba kidoleni. Vumbi jekundu lilipanda hadi magotini. Mtu anayekimbia unaweza kujua anakwenda wapi; hawa walikuwa wanakuja tu.

Obadia alikumbuka: nahodha ndiye mlango, lakini mlango huu ulikuwa umevunjwa. Basi akawaita Shamimu na mwamuzi msaidizi wa upande wa pili, wakaenda pamoja kwa kamisaa, hatua za kawaida, bila kutazama nyuma. Ilikuwa mita thelathini. Alihesabu kila moja.

"Mama," alisema alipofika, "nimejibu. Sikuona mchezo. Nilikuwa naitikia shikamoo."

Bi Mwanaidi alisukuma kiti nyuma. Alinyanyuka, akaenda kwa kijana wa bodaboda ya matangazo, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Wananchi," spika ikasema, na sauti ya hakimu ikasambaa hadi sokoni. "Saa yangu inasema saa kumi na moja na dakika hamsini na moja. Kamba isiporudi wima ndani ya dakika tano, mchezo huu nimeuvunja kwa mujibu wa kanuni za mashindano, na fahali yule anapandishwa gari kwenda Korogwe. Gari lipo. Dereva hajambo."

Watu elfu mbili wakageuka, wakamtazama fahali. Fahali akawatazama.

"Na la pili," Bi Mwanaidi aliendelea. "Mwamuzi ameniambia kwa mdomo wake kwamba alisalimiwa na akajibu. Angeweza kunificha. Sasa nauliza: nani aliyemsalimia?"

Ukasha alisimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake mnene ulionekana kutoelewa.

"Kamisaa," alisema, na watu wakanyamaza wapate kuisikia sauti yake ndogo, "kusalimia tumesalimia. Sikatai. Lakini watu wangu niliwaambia waseme refa. Siku nzima refa, refa, refa. Hakuna mtu wangu aliyesema mwalimu. Huyo aliyesema mwalimu anamjua."

Jambo la kutisha lilitokea hapo. Watu elfu mbili waliokuwa wanamtazama mtu mmoja waliacha kumtazama, wakaanza kutazamana. Nani alisema mwalimu? Ni wewe? Kulikuwa na sauti nyembamba pale kwenye kona. Nani alikuwa kwenye kona? Vichwa viligeuka, safu kwa safu, kuelekea kibendera cha kona, ambako mtazamaji mmoja alikuwa ameinama kwa bidii akifunga kamba za viatu vyake. Alikuwa amevaa kandambili.

"Dakika tatu," ilisema spika.

Kamba ikarudi wima. Mchezo ukamalizika sifuri kwa sifuri, zikapigwa penalti, na Vumbi wakashinda nne kwa tatu. Fahali akabaki Handeni, ndiyo sababu Obadia aliruhusiwa kuondoka.

Katika stoo ya jembe na chokaa, Bi Mwanaidi alinyoosha mkono, kiganja juu. Obadia alivua filimbi shingoni. Ilikuwa na alama za meno.

"Uliyofanya baada ya kosa yalikuwa sahihi yote," alisema Bi Mwanaidi. "Nitayaandika. Na kosa nitaliandika. Kamati inakaa Jumatano."

"Ndiyo, mama."

"Hujui ni nani?"

Obadia alipangusa vumbi magotini. "Sijui," alisema. Lakini alikuwa amesikia ile "moo".

Alipofika Korogwe na kufungua begi lake, juu ya jezi yake alikuta njumu moja nyeusi, ya mguu wa kushoto. Hapakuwa na barua. Aliigeuza mkononi muda mrefu, asiweze kujua kama amepewa zawadi na mtu aliyemheshimu, au ameambiwa kwamba zamu ijayo nguzo itakuwa tupu, ikingoja ya kwake. Aliiweka dirishani. Hakulala vizuri.

Likizo fupi ilikwisha Jumapili. Jumatatu saa mbili asubuhi aliingia Kidato cha Tatu na ramani ya mvua chini ya kwapa. Pale shingoni, ambapo siku zote kamba ya filimbi ilionekana chini ya kola, hapakuwa na kitu. Darasa likasimama.

"Shikamoo, mwalimu!"

Obadia hakuitikia mara moja. Alisimama kichwa kimeinama upande mmoja, kama fundi anayesikiliza injini. Ukimya ukarefuka mpaka dawati moja likalia.

"Tena," alisema.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Darasa hili lina wanafunzi arobaini na wawili," alisema Obadia taratibu. "Wote wapo, nimewahesabu kutoka mlangoni. Lakini nimesikia salamu arobaini na moja."

Mwalimu hakushangaa. Alikuwa amejua kwamba mwenye sauti ile hatathubutu kuitoa tena. Hakutega sikio ailenge sauti, alilitega alenge pengo. Akapita kati ya madawati, viatu vyake vikigonga sakafu, akasimama mbele ya dawati la tatu dirishani.

"Yusra," alisema. "Hujambo?"

Yusra ndiye mimi.

Nilikuwa nimepanga kulisimulia jambo hili mpaka mwisho bila kujitaja, na mpaka kwenye kandambili nilidhani nimefanikiwa. Mengine niliyoyasimulia, ya chooni na ya mgahawani, aliniambia mwalimu mwenyewe baadaye, nikiwa nafyeka majani kwa adhabu nyuma ya bweni naye ameketi kwenye jiwe. Lakini pale darasani sikuwa na jembe wala panga la kushika. Nilikuwa na ulimi tu.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema. Moo haikupanda.

Nikangoja. Darasa zima likangoja. Mtu aliyeitikia shikamoo akiwa na homa, aliyeitikia akiwa na hasira hadi mishipa ikamtoka, aliyeitikia dakika ya themanini na tisa mbele ya watu elfu mbili, alinitazama usoni. Hakuitikia.

Salamu yangu ilibaki pale hewani, juu ya dawati langu. Niliiona. Nikaelewa bibi Yuditha alikuwa anasema nini, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa zile safu za vichwa zilipogeuka kwenye kona. Basi nikaanza kusema ili kuujaza ule ukimya, na nilipoanza sikuweza kusimama. Nikasema ni mimi niliyekuwa kwenye kibendera. Nikasema nilitaka tu kucheka. Nikasema Jumatano nitakwenda mbele ya kamati kwa miguu yangu, niseme hivyohivyo. Na kwa kuwa bado alikuwa kimya, nikasema na lile ambalo hakuna aliyeniuliza: kwamba Ukasha ni mjomba wangu, kaka yake mama, kwamba usiku wa kwanza wa likizo, tukila ugali, nilimwigiza mwalimu wetu anavyoitikia salamu hata akiwa anachapa mtu, na habari ya Mpale nikaimwaga, na ya bibi yake wa Dindira, na jina lake, na kwamba mjomba aliacha kula, akanawa mikono polepole, akaniambia kwa ile sauti yake laini, "Hebu rudia hapo, mwanangu," nami, kwa raha ya kusikilizwa, nikarudia.